Sekunde Nane za Karani Hamimu

1

Nilipousikia mlango ukifungwa, nilidhani kosa ni langu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, katika chumba cha usomaji cha Kituo cha Kumbukumbu ya MV Zeze, mjini Kigoma. Juu ya meza yangu ulilala ubao namba thelathini na moja, kipande cha ukuta wa meli chenye urefu wa mkono, ambacho mashine yetu ya kuzamia ilikuwa imekipandisha wiki mbili kabla kutoka kina cha mita mia tisa. Kalamu ya mwanga ilitambaa juu yake polepole kama konokono, na katika vifaa vya masikioni mwangu watu waliokufa miaka hamsini na moja iliyopita walikuwa wakipanda ngazi.

"Sabini na moja," ilisema sauti ya mwanamume. "Mkono wako, mama. Usitazame chini. Sabini na mbili."

Kikafuata kimya. Na ndani ya kimya hicho, ambacho nilikuwa nimekisikia mara zisizohesabika tangu utotoni, chuma kiliingia ndani ya chuma.

Niliisimamisha kalamu.

"Kauzeni, umeigusa meza yangu?"

Kauzeni, mwanafunzi mwenzangu wa uzamili kutoka Sumbawanga, hakuinua hata kichwa. "Niiguse meza ya Muha, kisha tuanze kusalimiana mpaka adhuhuri? Sina muda huo."

"Sitanii. Nimesikia komeo."

"Umesikia njaa. Tangu jana hujala."

Niliirudisha kalamu nyuma kwa milimita mbili. Sabini na mbili. Kimya. Komeo. Mbao zote za kabla zilitoka mbali zaidi na ngazi; huu ulikuwa wa kwanza kutoka kando ya mlango wake.

Walioijenga Zeze walikuwa wamezijaza kuta zake utomvu wa aina mpya, majimaji mazito ambayo hayakuganda mpaka yaguswe na maji. Walitaraji kwamba ukuta ukipasuka, utomvu utaganda papo hapo na kuuziba ufa. Haukuiokoa meli. Lakini alfajiri ile ya mwaka 2049, mizigo ilipoegemea upande mmoja katika dhoruba na maji yakaanza kupanda ndani ya kuta, utomvu uliganda tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka liliganda likiwa bado linatetemeka kwa sauti zilizokuwapo wakati huo. Ukilisoma tabaka la chini kwanza, kisha linalofuata, unasikia. Unasikia kwa dakika kumi na moja, muda ambao maji yalihitaji kufika dari. Na kwa kuwa katika vina vya Ziwa Tanganyika hamna oksijeni, hakuna mdudu aliyeutafuna utomvu ule wala kutu iliyoufikia.

Hiyo ndiyo sababu walimwengu walitugeukia. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa wameiota Titaniki kule Atlantiki, wakaishukia kwa vyombo vya gharama, wakaipiga picha kila msumari. Hadi kutu ilipoila na sakafu zake zikalaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Wakatafuta meli nyingine ya kuiombolezea. Yetu ilikuwa na jambo ambalo Titaniki haikuwa nalo. Ilikuwa inazungumza.

Na aliyezungumza kuliko wote alikuwa Karani Hamimu Sumbuko wa Ujiji, mwandikishaji wa abiria, aliyesimama chini ya ngazi ya kati akawapandisha watu mmoja mmoja akiwahesabu. Aliwapandisha mia na kumi na nane. Yeye hakupanda. Kati ya sabini na mbili na sabini na tatu alinyamaza kwa sekunde nane, na kimya hicho kina jina lake katika lugha nyingi za dunia. Wengine husema alikuwa akisali. Wengine husema alimkumbuka binti yake. Nimewaona wanaume wazima kutoka mabara ya mbali wakilia katika sekunde hizo nane, katika ukumbi wetu wenye giza, bila kujua neno moja la Kiswahili.

Nikalifungua faili la kelele.

Kila usomaji hupita katika chujio, programu inayotenga sauti za watu na kelele za meli. Kelele huwekwa kando, wala hakuna anayezisikiliza. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba komeo halikutoka mezani kwangu. Niliposikiliza, komeo lilikuwapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, laini, kilichoandikwa na chujio: *maji yakipiga chuma*.

Pa, pa, pa. Kikatulia. Pa, pa, pa. Kikatulia.

"Kauzeni, njoo usikilize."

Alikuja, akavaa kifaa kimoja sikioni. "Maji," alisema.

"Maji hayasubiri."

"Hayasubiri nini?"

"Kujibiwa."

Kwetu sisi Waha wa Buhigwe mlango wa mtu haugongwi kwa ngumi. Unasimama nje, unapiga magoti au unainama, unakunja viganja kama unayeteka maji, unapiga mara tatu taratibu, kisha unangoja mwenyeji akujibu. Asipojibu, unarudia. Huongezi nguvu, kuongeza nguvu ni utovu wa adabu. Waliolifundisha chujio walilifundisha kwa sauti za bahari zao na meli zao. Hapakuwa na mtu wa kuliambia kwamba upo upande wa dunia ambako watu wanaozama huomba kufunguliwa kwa heshima.

Niliongeza sauti. Katikati ya makofi, mwanamke alisema kwa Kiha, kwa utulivu ule ambao wasichana wa kwetu hufundishwa:

"Wenye nyumba, tunaomba njia."

Kisha, karibu na ukuta, kwa mnong'ono ambao chujio liliuhesabu kuwa mvuke, Karani Hamimu alijibu kwa Kiswahili: "Nisameheni. Nikifungua, hatapanda mtu tena."

Komeo. Sekunde ya nane.

"Sabini na tatu," alisema. "Mkono wako, mwanangu."

Kauzeni alikivua kifaa sikioni, akakiweka mezani kama kinachounguza. Hakufanya mzaha wowote.

2

Daktari Nyamizi Kapera, msimamizi wangu, alisikiliza akiwa amesimama dirishani, mgongo wake kwangu. Aliposikia mara ya tatu, aliketi.

"Ni akina nani?" aliuliza, ingawa alijua. Orodha ya abiria sote tuliijua.

"Msafara wa harusi kutoka Buhigwe. Watu arobaini na watatu. Walikuwa wakimpeleka bibi harusi Kirando, kwa mumewe. Walipewa daraja la chini, nyuma ya mlango wa ngazi ya kati."

"Ripoti ya uchunguzi ilisema daraja la chini lilijaa ghafla wakiwa usingizini."

"Ndivyo tulivyoambiwa kwetu pia, Daktari. Bibi harusi alikuwa Anjelina. Dada mkubwa wa bibi yangu."

Daktari aligeuza kiti chake kunielekea. Yeye ni mama mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno ya kupamba. Kwa miaka ishirini amezisoma kuta za Zeze kama mwingine asomavyo maandiko.

"Umefanya hesabu?"

Nilikuwa nimeifanya usiku kucha. Maji nyuma ya mlango yalikuwa yamepanda kuliko upande wa ngazi. Kama karani angelifungua komeo, shimo la ngazi lingejaa kwa sekunde arobaini. Baada ya sekunde zile nane aliwapandisha watu arobaini na sita. Angefungua, pengine watano au sita wangepanda.

"Kwa hiyo alifanya lililo sahihi," alisema Daktari.

"Alifanya lililowezekana. Sijui kama ni kitu kimoja."

Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Chujio hilo nililipitisha mimi, Editha. Nilikuwa na umri kama wako. Nilisikiliza sauti za watu kwa saa mia moja, na kelele sikuzisikiliza hata saa moja. Ningesikiliza, nisingeelewa; mimi ni Mnyamwezi. Lakini ningeuliza." Akaitazama kalenda ukutani. "Kumbukumbu ya mwaka huu ni baada ya siku tisa. Ubao thelathini na moja umetangazwa. Unaijua kanuni ya Kituo."

Niliijua. Msomaji wa kwanza wa ubao ndiye anayetia sahihi kuhusu kitakachosikika ukumbini. Kanuni hiyo iliwekwa ili wakubwa wasiwapore wanafunzi kazi yao. Sikuwahi kuiona kama mzigo.

"Ukisaini usomaji uliochujwa," alisema, "hakuna atakayejua, na hakuna atakayedanganywa zaidi ya alivyokwisha kudanganywa. Ukisaini usomaji kamili, dunia nzima itausikiliza kesho yake. Sitakuchagulia. Lakini fikiria ni nani aliye hai atakayefarijika."

Nilifikiri. Binti wa karani angempoteza baba aliyekuwa naye. Watu wa kwetu wangempoteza Anjelina aliyelala. Hakuna aliye hai ambaye ukweli huu ungemwacha na kitu mkononi. Waliobaki ni wale arobaini na watatu, ambao kwa miaka hamsini na moja tulikuwa tumewaita kelele. Nami sikujua kama wafu hudai.

3

Bi Shuwea Hamimu alikuwa na miaka saba baba yake alipozama. Sasa ana hamsini na minane, na ndiye anayewafungulia wageni mlango wa ukumbi na kuwaeleza watakachokisikia. Nilimkuta nyumbani kwake Ujiji, alasiri ya Ijumaa, akikaanga migebuka kwa mawese.

"Shikamoo, Mama Shuwea."

"Marahaba. Hebu simama hapo nikuone. Umekonda! Hicho chuo kinakufundisha au kinakula?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi leo nasi tutakula. Shika hiki kisahani. Usinitolee macho, samaki si mtihani."

Nilikula kidogo, kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi. Aliongea kuhusu mgeni mmoja wa wiki iliyopita aliyemwomba amguse mkono, ati kwa sababu ni mkono wa binti wa Karani. "Nikampa. Nikamwambia, uguse taratibu, umetoka kumenya vitunguu." Alicheka, nami nikashindwa kucheka, na hapo akaifunika sufuria.

"Sema."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yaliniacha. Nilimpa vifaa vya masikioni, nikamweleza kwamba ubao mpya umeyasikia yaliyokuwa ndani ya kimya cha baba yake, na kwamba anaweza kukataa. Alijifuta mikono kwa kanga yake kidole kwa kidole, kisha akavivaa.

Sekunde nane si nyingi. Niliutazama uso wake katika kila moja.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu ilipokwisha alibaki ameshika masikio yake kwa viganja, kana kwamba mtu angemnyang'anya. "Ndiyo sauti yake," alisema hatimaye. "Si ile ya kuhesabu. Ile ya kuhesabu ni ya kazini, hata mama alikuwa akisema hivyo: huyo ni karani, si mume wangu. Hii ndiyo ya nyumbani. Alipochelewa safarini alisimama pale mlangoni akasema, 'Nisameheni.' Vilevile." Akavivua vifaa. "Wale wanaopiga makofi ni nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza pia kuhusu maji, kuhusu sekunde arobaini, kuhusu wale arobaini na sita. Aliinua mkono.

"Usinihesabie, mwanangu. Nimehesabiwa maisha yangu yote."

"Samahani, mama."

"Bibi harusi alikuwa nani wako?"

"Dada wa bibi yangu."

"Kwa hiyo baba yangu alimfungia mlango bibi yako, nawe umekaa hapa unakula samaki wangu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayejaribu kuona kama sentensi hiyo inaweza kusimama. "Umekuja kunidai?"

"Sijui nimekuja kufanya nini. Natakiwa kutia sahihi. Nikinyamaza, nitakuwa nimewafungia tena. Nikisema, nitakuwa nimekunyang'anya baba."

"Nimekaa na baba asiye na dosari tangu nikiwa na miaka saba. Unadhani ni rahisi? Mtu wa namna hiyo humwoti, unamfuta vumbi tu." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, lakini sauti yake ilibaki imara. "Kwenu wanajua?"

"Hapana. Kwetu wanaamini walikufa usingizini."

"Basi umekosea njia. Mimi sikustahili kujiwa kwanza." Alisimama, akaichukua sufuria na kuitazama kana kwamba hajui ilikotoka. "Kesho kuna treni ya saa moja kwenda Kasulu. Nitakwenda nawe. Neno la baba yangu nitalipeleka mwenyewe."

4

Babu Bernado Ntahondi, kaka wa Anjelina, alikuwa akihamisha miche ya kahawa kitaluni tulipofika. Ukungu wa Buhigwe ulikuwa haujainuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa harusi ilipoondoka. Aliachwa nyumbani kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa anakaribia kuzaa, na maisha yake yote watu wamemwita Bernado wa Ndama.

Nilipiga magoti kwenye udongo wenye unyevu, nikakunja viganja, nikapiga mara tatu. Alijipangusa mikono, akainama, akanijibu mara tatu. Nikarudia, akarudia, tukaulizana habari za nyumba, za mvua, za afya ya mama.

Nyuma yangu Bi Shuwea alitoa sauti ndogo. Nilipogeuka nilimwona ameushika mti wa kitalu. Alikuwa akiitazama mikono ya babu, si uso wake. Pale Ujiji alikuwa ameisikia salamu ile mara tatu. Sasa alikuwa ameona jinsi inavyojibiwa.

"Mgeni wako anaumwa?" aliuliza babu.

"Siumwi, baba," alisema Bi Shuwea. "Mimi ni binti wa Karani Hamimu wa Zeze."

"Aa! Karibu sana. Mtoto wa mtu mwema! Editha, mletee mgeni kigoda, mbona unamsimamisha kama nguzo?"

Bi Shuwea hakukubali kuketi. Aliyasema yote akiwa wima, mikono pembeni, kwa maneno machache. Kwamba mlango ulikuwapo. Kwamba watu walikuwa nyuma yake. Kwamba waliomba kwa adabu, na baba yake akawasikia, akawaomba msamaha, akafunga. Hakumtetea. Nilitaka kuongeza ile hesabu yangu ya maji, naye alinitazama mara moja tu nikafyata ulimi.

Babu aliuokota mche mmoja, akaukagua mizizi, akaurudisha chini.

"Walikuwa macho," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nilijua." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka hamsini na moja tunaambiana alilala. Bibi harusi gani analala? Anjelina alikuwa haachi mtu alale hata siku zisizo za harusi. Lakini mama yangu alilihitaji neno hilo, tukalishika mpaka tukamzika nalo. Baada ya hapo sikuwa na wa kumwambia kwamba silisadiki."

Alivitaka vifaa vya masikioni. Nilimuuliza kama angependa tuondoke, alitikisa kichwa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafumba macho. Nami nilibonyeza.

Alisikiliza mara moja tu. Niliona viganja vyake, juu ya magoti, vikijikunja. Na makofi yalipokuja, alijibu. Pa, pa, pa. Kidogo sana, udongo ukidondoka katikati ya vidole. Bi Shuwea aliuficha uso wake kwenye kanga.

Babu alipovivua vifaa, nilimweleza yaliyobaki: ukumbi, siku ya kumbukumbu, sahihi yangu. Nilisema kwamba nimeamua. Nilisema kwamba watu hawa wamenyamazishwa kwa nusu karne na mashine isiyojua adabu yao, na kwamba haki inataka dunia iwasikie kama inavyomsikia karani. Nilizungumza vizuri, nadhani. Nilikuwa na hakika.

"Mjukuu wangu," alisema babu, "umekuja kuniambia au kuniuliza?"

Nilijipangusa udongo magotini.

"Hao wageni wenu wanakuja kufanya nini humo gizani?"

"Kusikiliza. Wengine hulia."

"Kisha?"

"Kisha hurudi kwao."

Alitafakari. "Dada yangu aliomba njia. Hakuomba wasikilizaji."

"Lakini ukweli, babu..."

"Ukweli una mdomo, useme. Nani amekukataza? Useme barabarani, kanisani, uuandike. Mwambie kila mtu kwamba walikuwa macho, na walikuwa na adabu mpaka mwisho. Lakini hii," alivigusa vifaa vile kwa ncha ya kidole, "hii si ukweli. Hii ni Anjelina."

Nilianza kulia kama mtoto, kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Nilikuwa nimesafiri na sauti yake mfukoni, nikibishana na dhamiri yangu juu ya nani anastahili kuisikia, na katika siku zote hizo sikuwahi kufikiri kwamba ilikuwa ikisemwa na mtu.

Babu alimgeukia Bi Shuwea. Walitazamana, watu wawili wazima waliolelewa na asubuhi moja.

"Alisema 'nisameheni'," alisema babu.

"Ndiyo, baba."

"Alisema kwa Kiswahili. Sijui kama walielewa. Wengi wao hawakukijua." Alisimama kwa shida, akamkamata kiwiko cha mkono kama tunavyofanya kwetu. "Mimi nakielewa. Sasa keti, mama, umesimama mno."

5

Nilimwambia Daktari Nyamizi kwamba sitasaini usomaji uliochujwa, wala ule kamili.

"Hakuna karatasi ya namna hiyo," alisema.

"Basi naomba tuitengeneze."

Alinionya bila kunificha. Sauti isiyoweza kusikilizwa na wengine haiwezi kuthibitishwa na wengine. Watahini hawatakubali neno langu na la wazee wawili. Sura ya nne ya tasnifu yangu, ile ambayo ingenipa jina, itaondoka, na pengine mwaka mzima utaondoka nayo. Nilisema nimeelewa. Aliiandika karatasi hiyo kwa mkono wake. Yaliyokuwamo kwenye ubao namba thelathini na moja, kati ya sabini na mbili na sabini na tatu, ni mali ya jamaa wa waliosema. Atakayetaka kuyasikia ataomba Buhigwe. Chini yake alitia sahihi kabla yangu.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Niliketi nyuma, karibu na Kauzeni, aliyekuwa amevaa tai kwa mara ya kwanza maishani na kulalamika kwamba inamnyonga. Taa zilizimwa. Karani alianza kuhesabu, nasi sote tukapanda pamoja naye, mkono kwa mkono, hadi sabini na mbili.

Hapo sauti ilisimamishwa, na taa zikawashwa.

Watu walipepesa macho. Wengine walikuwa tayari wameshika leso. Bi Shuwea alisimama mbele yao akiwa na kanga yake ya kila siku.

"Hapa mmezoea kulia," alisema, na vifaa vya masikioni vikaanza kumtafsiri katika lugha zao. "Tumewaambia baba yangu alikuwa akisali. Hakuwa akisali. Alikuwa akifunga mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na watu arobaini na watatu wa Buhigwe wakimpeleka binti yao kwa mumewe. Walikuwa hai, walikuwa macho, na waliomba wafunguliwe. Baba yangu aliwasikia. Hakuwafungulia. Waliofunguliwa njia ya kupanda baada ya hapo ni watu arobaini na sita, na wajukuu wao wengine wamo humu ndani. Nimekuwa nikisimama hapa miaka kumi na saba nikiwaeleza juu ya baba yangu. Leo ndiyo mara ya kwanza ninapomweleza."

Kisha aliyasoma majina. Aliyasoma polepole, akijikwaa kwenye yale ya Kiha, akirudia mpaka apate. Mbele kabisa babu Bernado alikuwa akimsahihisha kwa sauti ya kawaida, kama anayemfundisha mtoto. Jina la Anjelina lilikuja la thelathini. Halikuwekwa mwanzo wala mwisho. Baada ya la arobaini na tatu hapakuwa na muziki wala kengele. Watu hawakujua kama wapige makofi, na nilishukuru kwamba hawakupiga.

Katika safu ya nne mgeni mmoja aliinua mkono. Alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye uso mwema, macho mekundu. Nilijiona ndani yake.

"Sauti zao mnazo?" aliuliza.

"Tunazo," alisema Bi Shuwea.

"Tumetoka mbali sana. Tunaweza kuzisikia?"

"Hapana, mwanangu."

"Kwa nini?"

Alimtazama kwa upole wote aliokuwa nao.

"Kwa sababu hawakuwa wakisema nawe."